Begi la lita 60 liache dukani

Msomaji wa Nyegezi, Mwanza, ameniuliza hivi. Nimefupisha kidogo:

"Shikamoo kaka. Mimi ni muuguzi, nina miaka 29, urefu sentimita 158, uzito kilo 57. Desemba tunapanda Kilimanjaro na wenzangu wa kazini kwa njia ya Marangu, siku sita, ili tarehe 9 ituone kileleni. Nataka nianze mazoezi ya kutembea na begi mgongoni. Nimeona mawili. Moja jipya, lipo dukani mjini, limeandikwa lita 60, lina waya mgongoni, bei 75,000. Lingine la mtumba pale Mlango Mmoja, dogo, muuzaji anasema ni lita 30, klipu ya kifuani imevunjika, anataka 35,000. Moyo umelipenda lile jipya kwa sababu kila kitu kitaingia humo, lakini hela yangu haizidi 80,000 na viatu bado sina. Nichukue lipi? Na wakati wa mazoezi niweke nini ndani?"

Marahaba mdogo wangu. Chukua la mtumba, ukishalikagua kama nitakavyokueleza, na hela itakayobaki ipeleke kwenye viatu. Lile la lita 60 liache hapohapo lilipo, hata mwenye duka akikushushia mpaka 40,000.

Najua unajiuliza: vitu vya siku sita vitaingiaje kwenye begi la lita 30? Havitaingia, na wala havitakiwi kuingia. Kule mlimani mzigo wako mkubwa anabeba mpagazi. Sisi tuliofanya kazi hiyo tunaitana wagumu, nami nilikuwa mgumu kwa miaka saba kabla ya kuwa mwongozaji, halafu nikamfuata mke huku ziwani. (Mke wangu ni Msukuma wa Magu. Kila nikilalamika mgongo ananikumbusha kwamba mzigo mzito hupewa Mnyamwezi, Mchaga nilijitia kiherehere tu.) Hifadhi imeweka kikomo cha kilo 20 kwa mgumu mmoja, na mizigo inapimwa kwenye mizani. Katika hizo, zako ni kama kilo 15: begi la kulalia, nguo za kubadilisha, viatu vya kambini, vipodozi vyako. Nyingine ni za kwake mwenyewe.

Sasa sikiliza jambo ambalo wauzaji wa mabegi hawalijui. Mgumu akipokea begi lako halivai mgongoni. Analitumbukiza kwenye gunia au mfuko mkubwa wa turubai, analipandisha kichwani au shingoni, anaondoka. Mgongoni kwake tayari kuna begi lake. Kwa hiyo zile fremu na mikanda kumi na miwili ya begi la lita 60, ambazo ndizo umezilipia, hazimsaidii mtu. Waya unamchoma shingo na mikanda inaning'inia. Mzigo wa mgumu unatakiwa uwe laini kama furushi. Begi lolote la safari la kitambaa linatosha, hata shangazi kaja, mradi vitu vya ndani vimefungwa visilowe.

Begi lako la mgongoni ni la vitu unavyovihitaji kati ya asubuhi na jioni tu. Hebu tuvipime. Maji lita tatu, hizo ni kilo tatu kamili. Koti la mvua na suruali yake, karibu kilo moja. Sweta zito, glavu, kofia ya sufu, tuseme kilo moja tena. Chakula cha mchana, tochi ya kichwani, simu, dawa, mafuta ya jua: kilo moja. Begi lenyewe kilo moja au pungufu. Umefika saba, na saba ni nyingi; siku nyingine utabeba tano. Vyote hivyo vinakaa kwenye lita 30 na nafasi inabaki. Kama lita hazikai kichwani, fikiria ndoo ya maji ya lita 20 uliyonayo nyumbani. Lita 30 ni ndoo moja na nusu. Lita 60 ni ndoo tatu, na ndoo tatu mgongoni mwa mtu wa kilo 57 ni kichekesho. Begi kubwa lina ubaya mwingine pia: likiwa tupu linakushawishi ulijaze, na usipolijaza mzigo unacheza ndani na kukuvuta nyuma kila unapopiga hatua.

Ndiyo maana nataka begi la mazoezi liwe lilelile la mlimani. Mabega na nyonga zako zikishalizoea kwa miezi mitatu, tarehe 5 mkiingia getini hutakuwa na cha kujifunza. Moshi kuna maduka ya kukodisha vifaa. Kakodi huko begi la kulalia na koti zito. Begi la mgongoni usikodi, kama usivyokodi viatu.

Tuje kwenye mgongo wako, maana hapo ndipo watu wengi wanapokosea, hasa wanawake wafupi kama wewe. Begi haliendani na urefu wa mtu, linaendana na urefu wa mgongo. Chukua futi ya fundi na umwombe mwenzako akupime. Inamisha kichwa: pale shingo inapoishia kuna mfupa unaotokeza, anzia hapo. Kisha shika kiuno kwa mikono miwili, vidole gumba nyuma, mikono ikae juu ya mifupa ya nyonga. Vidole gumba vinapoelekeana ndipo mwisho. Shusha futi kati ya alama hizo mbili ikifuata mgongo. Kwa urefu wako sitashangaa ukipata 40 hadi 43. Ukienda kwa muuzaji, pima begi kuanzia mikanda ya mabega inapoota mpaka katikati ya mkanda wa kiuno. Namba hizo mbili zikipishana sentimita mbili au tatu si neno. Zikipishana kumi, mkanda wa kiuno utakaa kwenye makalio au utakubana tumbo, na kazi yake utafanya wewe kwa mabega. Mabegi mengi makubwa ya bei rahisi yana mgongo wa saizi moja, umekatwa kwa mwanamume mrefu. Nina hakika lile la 75,000 ukilivaa litakupiga kisogoni.

Sasa mtumba. Nenda mapema wakati kuna mwanga wa kutosha, na beba chupa nne za maji za lita moja na nusu. Hizo ni kilo sita. Utaona kazi yake.

Kwanza lifungue begi, ligeuze ndani nje, ulinuse. Usione haya. Mabegi ya aina hii yana utando wa plastiki ndani unaozuia maji, na utando huo huoza kwa umri na unyevu hata kama begi halijawahi kuvaliwa. Ukioza hunata mkononi, hutoa harufu kama ya maziwa yaliyochacha, kisha hubanduka vipande vyeupe kama mba. Begi la namna hiyo lisikutie hofu sana kama kila kitu kingine ni kizima, kwa sababu mvua tutaizuia kwa njia nyingine. Lakini ni sababu ya kushusha bei, na ukifika nyumbani lisugue kwa sabuni ya unga na brashi mpaka mba ziishe, la sivyo sweta lako litakuwa jeupe kila siku.

Kisha mizizi ya mikanda. Simaanishi mkanda wenyewe. Namaanisha pale juu unaposhonewa kwenye mwili wa begi. Shika begi, weka goti juu yake, vuta mkanda kwa nguvu kama unang'oa muhogo. Angalia mshono: nyuzi zikijitokeza, au vitundu vya sindano vikifunguka kama midomo, kuna kazi. Mimi niliwahi kukatikiwa na mkanda juu ya Horombo, kambi ya pili ya njia yenu, begi jipya kabisa, halijamaliza wiki mbili. Nilishika kipande mkononi nikakuta mshono mmoja tu, mstari mmoja wa uzi wa pamba, ndani ya begi zuri la rangi tatu. Siku nzima nilibeba begi la bega moja kama mwanafunzi wa sekondari. Begi kuukuu la mtumba lenye mishono ya zigizaga iliyojazwa mahali pamoja limeshapita mtihani ambao lile jipya halijaufanya, na kwa hilo pekee mimi huupendelea mtumba.

Sponji la mikanda, libinye kwa vidole. Likirudi taratibu, ni zima. Likibaki limebonyea, limekufa. Zipu, ifungue na kuifunga begi likiwa na zile chupa ndani, siyo tupu, maana tupu kila zipu ni nzuri. Zipu ikiachia nyuma ya kichwa chake, mara nyingi kichwa kimelegea tu. Fundi anakibana kwa koleo au anaweka kingine kwa hela ndogo. Meno yaking'oka, hiyo ni kubadilisha zipu nzima na haikulipi. Papasa pia mgongo wa begi kwa ndani. Mengine yana pau moja au mbili za alumini zinazochomekwa kwenye mfuko wake, na safarini kutoka Ulaya hadi kwenye belo zimeshapotea. Kwa kilo saba huzihitaji, ila usiuziwe begi kwa bei ya fremu ambayo haimo.

Mkanda wa kiuno ndio nitakaokuomba uuangalie kwa jicho la ukali. Uwe na sponji na upana wa vidole vinne angalau, na ukifungwa uipande mifupa ya nyonga. Hapo ndipo uzito unapokaa, mabega yanashika tu begi lisianguke. Mabegi mengi madogo yana utepe mtupu. Kwa kilo nne utepe unatosha. Kwa saba, saa sita njiani, utaukumbuka kila hatua. Ikiwa la Mlango Mmoja lina utepe mtupu, bado usilikatae. Tafuta begi bovu lenye mkanda mnene, wauzaji wanayo yaliyochanika ambayo hawajui wayafanyie nini, na mpe fundi viatu auhamishe. Nimesema fundi viatu, siyo wa nguo: ana sindano nene na uzi wa nailoni, na cherehani yake inapenya tabaka nne bila kulalamika. Mwambie apige mshono wa kisanduku na msalaba katikati. Klipu iliyovunjika naye anayo, au ataing'oa kwenye begi lingine. Ile ya kifuani ni ndogo kuliko zote na ndiyo isiyobeba uzito wowote.

Ukimaliza kukagua, tumbukiza chupa zako nne, vaa begi, mwachie muuzaji hela kama bondi, tembea robo saa sokoni humo. Atacheka, muache acheke. Kitakachokuuma baada ya robo saa na kilo sita ndicho kitakachokutoa machozi ukielekea kambi ya Kibo.

Kuhusu mabegi mapya ya bei ya chini sina mengi. Jina la kampuni kubwa lililodariziwa mbele halina maana yoyote kwa bei hiyo. Lita zinazoandikwa ni za matumaini. Na lolote lenye mabaka ya kijeshi, liwe jipya au mtumba, lipite kama hujaliona: raia kuvaa vitu vinavyofanana na sare za jeshi ni kosa hapa kwetu, na Agosti 2023 JWTZ ilitoa siku saba watu wavisalimishe. 

Umeuliza uweke nini ndani. Mwanza ina mawe kuliko mji wowote ninaoujua na kila anayeanza mazoezi hushawishika kuyatia begini. Usitie. Jiwe lina pembe, linakaa chini ya begi, linakupiga kiunoni na kutoboa kitambaa. Tumia maji kwenye chupa, na ukitaka kitu kizito zaidi tumia mchele au maharage kwenye mifuko midogo ya kilo moja moja, ambayo baadaye unapika. Funga mzigo huo ndani ya blanketi, uukalishe katikati ya begi kwenda juu, uguse mgongo. Chini weka nguo. Ukiweka chupa chini na blanketi juu, begi litaning'inia na utatembea umeinama kama unatafuta sindano. Uzuri wa maji ni kwamba ukifika juu ya kilima unaweza kuyamwaga, ukashuka mwepesi. Magoti huumizwa na kushuka, na hayo yako nayataka mazima hadi Desemba.

Ukianza mwanzoni mwa Septemba una wiki kumi na tatu. Anza na kilo tatu kwa wiki mbili, kisha ongeza kilo moja kila baada ya wiki mbili. Ukifika saba ongeza ya nane kwa wiki moja tu, ili ubongo ujue kwamba saba si kitu. Usivuke hapo. Wiki mbili za mwisho rudi kwenye tano na upumzike zaidi. Mara mbili kwa wiki za saa moja, na mara moja ndefu siku ya mapumziko. Ukitoka zamu ya usiku usibebe chochote, kalale.

Watu huniuliza kwa nini nisiwabebeshe kilo kumi na tano ili mlimani wajione malaika. Kwa sababu kinachowashinda watu kule ni hewa nyembamba, na hewa haifundishwi na kilo. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya bahari. Kambi zenu, Mandara ni 2,720, Horombo 3,720, Kibo 4,720, na kilele 5,895. Begi zito huku Mwanza litakupa magoti mabovu, halitakupa damu iliyoizoea hewa ya Horombo. Hiyo utaipata Horombo kwenyewe, siku ile ya ziada ambayo njia ya siku sita inakupa, na ndiyo sababu nimefurahi hamkuchagua siku tano.

Kwa njia, mteremko wa Bugando ni mzuri kwa asubuhi za kazi, na Capri Point jioni, ambako upepo wa ziwa unakupoza. Ukitaka ngazi za kweli, panda njia za miguu kwenye vilima vya mawe kama Mabatini, taratibu, ukiwapisha akina mama wanaopandisha ndoo kichwani bila begi la lita yoyote. Vilima vyetu ni vifupi. Siku ya mazoezi marefu panda na kushuka kilekile mara sita au saba. Siku moja lipa boti uende kisiwa cha Saanane ukatembee juu ya miamba, ubadilishe mandhari. Nakuonya jambo moja: wewe unakaa Nyegezi. Ukipita karibu na stendi na begi hilo, wapiga debe watakushika mkono wakupeleke Kahama. Pitia barabara nyingine.

Unapolivaa, legeza mikanda yote kwanza. Funga wa kiuno juu ya mifupa ya nyonga, ukaze. Kisha vuta ya mabega mpaka iguse, isibane. Kisha wa kifuani, sentimita chache chini ya mtulinga, ule mfupa wa mbele chini ya shingo. Kama kuna vikanda vidogo juu ya mabega, vivute mwishoni kidogo tu. Baada ya nusu saa kila kitu kitakuwa kimelegea, rudia.

Mvua ya vuli itakukuta mazoezini na huenda ikakusindikiza hadi Mandara. Kava la mvua la nje linasaidia, ila maji hupita mgongoni. Mimi naamini mfuko wa ndani. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 2019, usiende nayo. Nunua mfuko wa kuhifadhia mahindi, ule wenye nailoni nene ndani. Toa nailoni, ikunje mdomo, weka sweta na glavu humo. Duka lolote la pembejeo wanalo. Na ukishawishiwa kununua mfuko wa maji wenye mrija, jua kwamba usiku wa kilele mrija unaganda. Chupa ya kawaida ndani ya soksi ya sufu, imepinduliwa kifuniko chini, ndiyo inayofika na maji.

Nimebakiza bei. Klipu ya kifuani iliyovunjika ni kasoro ndogo kuliko zote, lakini muuzaji hajui kwamba wewe unajua. Ishike, itazame kwa huzuni, uliza kama ana nyingine. Akisema hana, mtajie 22,000. Mtakutana kwenye 27,000 au 28,000, na klipu utaitoa kwa fundi viatu jioni hiyohiyo.